Mji Huanzia Wapi? Maneno Juu ya Ushuru wa Ardhi Mjini na Viungani

Hotuba hii ilitolewa na mmoja wa waandalizi wa chama mbele ya wanachama wa matawi ya viungani mwa Nairobi. Twaichapa kama ilivyosemwa.



Tumekuja leo kusema juu ya jambo lisilopigiwa makofi. Habari za bendera hupigiwa makofi, na habari za mashujaa kadhalika. Habari za ushuru mtu huzisikiliza huku ameshika mfuko wake. Lakini wengi walio mbele yetu hapa wamenunua ploti, au wanaweka akiba ili wanunue, mmoja mmoja au kwa vyama vyao vya kuchangiana. Siku mwananchi anaponunua futi hamsini kwa mia za nchi yake mwenyewe, hukatwa fedha. Chama kisichojua anakatwa ngapi, na kwa sababu gani, hakina haki ya kumwomba kura.

Swali tuletewalo ofisini karibu kila juma ni hili: "Je, ni heri kununua mjini au kununua nje? Twasikia nje ushuru ni nusu." Twataka kulijibu swali hilo polepole, maana ndani yake mna swali jingine kubwa zaidi: mji huanzia wapi, na ni nani auchoraye mpaka wake?

USHURU WENYEWE

Ushuru tunaousema ni ushuru wa stempu. Umo katika Sheria ya Ushuru wa Stempu, sura ya 480 ya sheria za Kenya. Anayeulipa ni mnunuzi. Ardhi iliyo ndani ya manispaa hulipiwa shilingi nne kwa kila mia ya thamani yake. Ardhi iliyo nje ya manispaa hulipiwa shilingi mbili kwa kila mia.

Tufanye hesabu pamoja. Ploti ya shilingi 2,000,000 ikiwa ndani ya manispaa, ushuru wake ni shilingi 80,000. Ploti ya bei ile ile ikiwa nje, ushuru ni shilingi 40,000. Ukipanda hadi nyumba ya shilingi 5,000,000, mmoja atalipa 200,000 na mwenziwe 100,000. Tofauti si ndogo. Kwa mwenye duka ni mzigo wa bidhaa. Kwa mzazi ni karo.

Sasa sikilizeni mambo matatu ambayo dalali hayataji. La kwanza, ushuru huu haukatwi kwa bei mliyopatana tu. Mthamini wa serikali ana haki ya kuikadiria ardhi, na akiona thamani yake ni kubwa kuliko bei iliyoandikwa, ushuru hufuata kadirio lake. La pili, fedha hizo zinatakiwa ndani ya siku 30 tangu hati ya uhamisho kutiwa sahihi. Ukichelewa, unaongezewa adhabu. La tatu, hati isiyo na stempu haiandikwi katika daftari la ardhi, wala haipokewi kuwa ushahidi katika kesi ya madai. Utakuwa umelipa bei yote, umejenga, umehamia, lakini mbele ya sheria huna kitu mkononi.

Naye muuzaji ana kodi yake, ile ya faida ya kuuza mali. Kodi hiyo ilirudishwa Januari 2015 kwa kiwango cha tano kwa mia ya faida, na tangu Januari 2023 ni kumi na tano kwa mia. Huo ni mzigo wake. Lakini twawaonya: muuzaji mwerevu huuingiza mzigo huo katika bei, na mnunuzi asiyeuliza huubeba wote wawili.

ASILI YAKE

Yafaa tukumbuke sheria hii ilizaliwa lini. Ilizaliwa mwaka 1958, nchi ikiwa bado katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960. Nairobi ya wakati ule haikuwa mji wa Mwafrika. Mwafrika aliingia Nairobi kufanya kazi, akalala Pumwani, Kaloleni, Shauri Moyo au Makongeni. Pumwani mtu aliweza kujenga nyumba, lakini nchi iliyokuwa chini ya nyumba haikuwa yake. Mji ulikuwa wa wengine. Sisi tulikuwa wageni wa kazi.

Katika fikira za wakati ule mji ulikuwa ni mahali pa fedha, na nje ya mji palikuwa ni mashamba ya walowezi au maeneo ya wenyeji. Mtu akijua yuko mjini, alijua kweli yuko mjini: palikuwa na lami, taa, na bomba la maji. Hakuna aliyesimama kwenye kisiki katikati ya mahindi akaulizana na mwenziwe kama hapo ni mji.

Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilisukumwa mbali, ikameza mashamba na vitongoji, hata eneo lake likakaribia kilomita za mraba 690. Tangu hapo watu wameendelea kuongezeka na mji umemwagika nje ya mipaka hiyo. Nendeni Ruiru, nendeni Kikuyu, Ngong, Ongata Rongai, Kitengela, Syokimau. Watu wa huko huamka na giza, hupanda matatu, hufanya kazi Nairobi, na hurudi na giza. Je, hao ni watu wa mji au wa shamba? Jirani atasema hili, dalali atasema lile, na mkusanyaji wa ushuru ana jibu lake.

JAMBO LILILOWAPATA AKINA MAMA KUMI NA WAWILI

Hebu tuwaeleze jambo lililotufikia. Majina na mahali tutayahifadhi. Akina mama kumi na wawili, wauzaji wa mboga na nguo, walichangiana kwa miaka sita. Wakapata nusu eka kwa shilingi 3,000,000. Dalali aliwaambia, "Hili ni shamba, mama. Ushuru ni mbili kwa mia." Macho yao yakakubali maneno yake, maana waliona migomba na barabara ya tope, na maji yaliletwa kwa mkokoteni wa punda. Wakatenga shilingi 60,000 za ushuru, kila mmoja 5,000, wakasema mambo yamekwisha.

Kumbe shamba lile limo ndani ya manispaa. Lilikuwa limekwisha badilishwa matumizi kutoka kilimo kuwa makazi. Mthamini akaja, akalikadiria kuwa shilingi 3,600,000. Nne kwa mia ya fedha hizo ni shilingi 144,000. Waliokuwa na 60,000 wakatakiwa kuongeza 84,000, yaani kila mama 7,000 zaidi. Wawili hawakuwa nazo. Mmoja alikuwa amefiwa. Kuzitafuta fedha hizo kuliwachukua majuma mengi, siku 30 zikapita, na adhabu ikaongezeka juu yake. Mwishowe walilipa. Lakini wawili wale waliuza sehemu zao kwa wenzao kwa bei ya huruma, baada ya miaka sita ya kuchanga.

Tunauliza: kosa lilikuwa la nani? Ofisi ilifuata sheria, na mthamini alifanya kazi yake. Akina mama hawakudanganya mtu. Dalali alisema uongo, au hakujua. Naye alikwisha pokea ada yake. Kosa kubwa ni kwamba mpaka wa manispaa ile ulikuwa katika karatasi ambazo hakuna mama hata mmoja aliyepata kuonyeshwa.

MPAKA UNAOTEMBEA

Ndugu zetu, mpaka huo utazidi kutembea. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 ilisema mahali paitwapo manispaa pawe na watu wasiopungua 250,000. Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa, idadi hiyo ikashushwa hadi 50,000. Leo Kaunti ya Kiambu pekee ina manispaa za Thika, Ruiru, Kikuyu, Limuru, Karuri na Kiambu yenyewe. Kajiado wana Ngong, na Machakos wana Mavoko.

Sisi hatupingi manispaa. Watu elfu hamsini waliokaa pamoja wanahitaji mfereji wa maji taka, soko, zimamoto, na mtu wa kuwajibika. Tunalosema ni kwamba manispaa huanza kwa wino. Wino hukauka kwa siku moja, na barabara huchukua miaka. Katikati ya wino na barabara yuko mwananchi, ambaye jana alikuwa mtu wa mbili kwa mia, na kesho ni mtu wa nne kwa mia, naye bado anavua viatu kuvuka tope.

FEDHA HUENDA WAPI?

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mtu akilipa ushuru wa mji husema moyoni, "Basi, si neno, nalipia taa na lami." Lakini sivyo. Ushuru wa stempu haulipwi kwa manispaa, wala haulipwi kwa kaunti. Hukusanywa na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya na kuingia katika hazina ya serikali kuu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 209, imezipa kaunti kodi ya ardhi ya kila mwaka na kodi ya burudani. Ushuru wa stempu haumo katika hizo mbili.

Ni kweli kwamba kaunti hupata fungu kutoka serikali kuu, na Katiba imesema fungu hilo lisipungue kumi na tano kwa mia ya mapato. Haki yapasa kusemwa. Lakini fungu hilo hugawanywa nchi nzima kwa hesabu nyingine. Shilingi 144,000 za akina mama wale hazikurudi kwenye tope lao kwa kuwa zilitoka kwenye tope lao. Walilipa kwa jina la mji, na mji wao haukupata habari.

Msidhani jambo hili la mpaka ni la Kenya peke yake. Ndugu zetu walio Kanada wanalijua. Katika mji wa Toronto, tangu Februari 2008, anunuaye nyumba hulipa ushuru wa uhamisho mara mbili: mara moja kwa jimbo la Ontario, na mara ya pili kwa mji wenyewe. Nyumba ya dola 1,000,000 hulipiwa dola 16,475 kwa jimbo, na nyingine 16,475 kwa mji, jumla dola 32,950. Ukivuka barabara iitwayo Steeles, ukaingia Vaughan au Markham, unalipa zile za jimbo tu. Upande huu wa barabara ushuru mara mbili, upande wa pili mara moja.

Ni ushuru mzito, na huko pia watu hunung'unika. Lakini tazameni tofauti. Ile sehemu ya pili, inayomfanya mtu wa mjini alipe zaidi ya mtu wa kiungani, huingia katika sanduku la mji wenyewe. Mkaaji wa Toronto aweza kumwendea diwani wake akamwuliza, "Fedha zangu ziko wapi?" Mama yetu wa Ruiru akimwuliza diwani wake, diwani atasema kweli tupu: "Mama, hazikunifikia."

BASI NI HERI WAPI?

Turudi kwenye swali la kwanza. Tunajibu hivi: usichague mahali kwa ajili ya zile mbili kwa mia tu. Tofauti ya ushuru hulipwa mara moja. Nauli hulipwa kila siku. Tuseme ploti ya nje imekuokolea shilingi 40,000. Ikiwa kukaa huko kutakuongezea nauli ya shilingi 100 kwa siku, kwenda na kurudi, basi kwa siku 25 za kazi ni shilingi 2,500 kwa mwezi. Baada ya miezi kumi na sita akiba yako yote imekwisha ndani ya matatu, na nauli bado inaendelea. Lakini kama kazi yako iko huko huko, au unataka kulima na kufuga, hesabu inageuka, na zile 40,000 ni mabati ya nyumba yako.

Tena, ardhi ya nje ina masharti yake. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, ununuzi wake hauna budi kupata idhini ya bodi ya kusimamia ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu kupatana. Bila idhini hiyo mapatano hayana nguvu, na mnunuzi hubaki kudai fedha zake tu. Mjini nako utatakiwa kuonyesha cheti cha kaunti kwamba ploti haina deni la kodi ya ardhi. Na ploti nyingi zina madeni ya miaka kumi ambayo muuzaji hayataji. Kila upande una mlango wake, na kila mlango una bawabu.

Kadhalika mjue misamaha iliyopo. Uhamisho wa mali kati ya mume na mke umesamehewa ushuru huu. Na tangu mwaka 2018, anayenunua nyumba yake ya kwanza chini ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu amesamehewa pia. Mwenye haki hiyo aidai.

TUNAYOYATAKA

Chama chetu kinataka mambo matatu, nayo tunayasema wazi ili mtu yeyote aweze kutupinga kwa hoja.

Kwanza, ramani ya kila manispaa ibandikwe katika ofisi ya chifu, sokoni, na katika kila ofisi ya daftari la ardhi, kwa Kiswahili, ikionyesha vijiji kwa majina yake. Mwananchi asijue mpaka kwa kugongwa nao.

Pili, mahali panapotangazwa kuwa manispaa leo, nne kwa mia isianze kesho. Upangwe muda, na sehemu ya ushuru wa stempu irudishwe kwa manispaa ile ile uliyotoka, itumiwe kwa barabara, maji na taa. Anayelipa ushuru wa mji aonje mji.

Tatu, msamaha wa nyumba ya kwanza usiwe wa mpango wa serikali peke yake. Mama aliyechanga miaka sita akanunua ploti yake ya kwanza ni mjenzi wa nchi sawasawa na yule aliyepewa ufunguo wa ghorofa mbele ya wapiga picha.

TUNAYOPASWA KUFANYA SISI WENYEWE

Lakini kudai bila kujitengeneza ni kelele. Kila tawi lichague watu wawili wanaojua kusoma hati, nao wawasindikize wanachama bila malipo. Kabla ya kutoa hata shilingi moja ya rubuni, nendeni kwenye daftari la ardhi mkajue mwenye ardhi ni nani, ina deni gani, na imeandikwa ya kilimo au ya makazi. Ulizeni ofisi ya manispaa, siyo dalali, kama ardhi imo ndani ya mpaka. Ikiwa hamna hakika, tengeni nne kwa mia, na mwongeze kidogo kwa ajili ya kadirio la mthamini. Ikibaki, ni heri ibaki.

Na wale wanaoshauriana gizani waandike bei ndogo ili ushuru upungue, twawaambia waache. Kwanza ni uongo, na nchi haijengwi kwa uongo. Pili ni hasara. Mthamini aweza kulikataa andiko lako. Na hata asipolikataa, siku utakayouza wewe, faida yako itahesabiwa kutoka bei ile ndogo uliyoiandika, na kumi na tano kwa mia zitakatwa juu ya faida ambayo hukuipata. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza: na daftari la uongo hupoteza mali kwa habari.

Ndugu zetu, baba zetu walipigania nchi hii wakiambiwa kwamba mjini si kwao. Leo hakuna askari wa kutuuliza kipande tukiingia Nairobi. Lakini mpaka usioonekana, unaojulikana na wachache, nao ni kipande cha namna yake: mwenye kuusoma hupita, asiyejua husimamishwa akatoa fedha. Hatukatai kulipa ushuru. Nchi huru huendeshwa kwa fedha za watu wake wenyewe, na aibu ni ya yule anayekwepa. Tunataka kujua tu: tumesimama wapi, tunalipa nini, na fedha zetu zimefanya kazi gani.

Akina mama wale kumi wameanza kujenga. Msingi umefika magotini. Barabara bado ni tope, nao wamekwisha andika barua kwa bodi ya manispaa, sahihi kumi chini yake, wakiuliza kuhusu barabara. Barua hiyo tumeisoma. Haina matusi hata moja, ina tarakimu tu. Twawaomba matawi yote mjifunze kuandika barua za namna hiyo.

Harambee!